Nilijisifu kuwa silewi, kumbe moyo ndio uliokuwa unaharibika

Wakuu, heshima kwenu wote. Hili limenipata mwenyewe, sijasimuliwa, na sitaongeza chumvi.

Mimi ni mkulima wa tangawizi huku milimani Same. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekunywa dengelua, pombe yetu ya miwa, karibu kila siku.

Sifa yangu kijijini ilikuwa moja: silewi. Wenzangu wanaanguka, mimi naondoka nimenyooka na asubuhi niko shambani. Nilijivunia hilo, tena kijinga.

Mwaka jana nikaanza kuishiwa pumzi. Huku hakuna njia tambarare, ukichoka kila mtu anakuona. Soksi zikawa zinaniachia mabonde miguuni, nikalaumu mabuti. Kulala ni mpaka mito mitatu, nikasema ni umri.

Siku moja mama yangu, bibi wa miaka sabini na kitu, akanipita mlimani na mkungu wa ndizi kichwani. Akasimama kunisubiri.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekuzaa, au wewe ndiye uliyenizaa?"

Niliona aibu. Kesho yake nikashuka hospitali.

Baada ya vipimo daktari akasema moyo umetanuka, misuli yake imelegea kwa pombe ya miaka mingi. Hausukumi damu vizuri, ndiyo maana maji yanajaa miguuni.

Nikamjibu kwa kujiamini, "Dokta, mimi huwa silewi."

"Kichwa chako ndicho kimezoea," akasema. "Moyo haujazoea."

Akanipa dawa, akanisimamia mpaka nikaacha kabisa. (Mnywaji wa kila siku usikate ghafla peke yako, unaweza kuzidiwa. Muone daktari kwanza.)

Miezi michache baadaye wakaja kumposa binti yangu. Kwetu wanakuja na kibuyu cha dengelua, na baba wa binti ndiye anayeonja kwanza. Asipoonja, ni kama amekataa posa. Binti alikuwa jikoni na najua alisikia kila neno. Niliogopa kuliko nilivyoogopa hospitali.

Nikasema, "Wakwe, posa nimeipokea. Ila pombe imeniharibia moyo, daktari amenikataza. Kaka yangu ataonja kwa niaba yangu."

Kaka akaonja. Kisha baba mkubwa wa kijana, aliyeongoza ugeni, mtu niliyekunywa naye miaka mingi, akainama akashusha soksi yake. Bonde lilelile.

"Na hii je, mkwe?" akauliza taratibu.

Jumatatu nikampeleka hospitali, Same mjini. Daktari akamweleza yaleyale niliyoelezwa mimi. Mzee akajivuta kwenye kiti, akasema, "Lakini dokta, mimi huwa silewi."

Nilitamani kucheka, machozi yakanitoka.

Wakuu, kutokulewa siyo afya. Ukiona miguu inavimba na pumzi inakata, kapime mapema. Mimi sasa napanda mlima polepole, lakini napanda. Mkwe wangu, yule mzee, bado anabisha, na harusi ni baada ya mavuno. Mliowahi kumwachisha mzee pombe, mlianzia wapi? Niambieni, nataka awepo siku hiyo.