Flashi ya Saa Saba Mchana

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Rafiki yangu Masalu alikuwa anaoa, nikaapa picha zake hapigi mtu mwingine. Mama yake bibi harusi alikuwa mgonjwa kule Sengerema, hakuweza kupanda kivuko. Uso wa mwanawe siku ya harusi angeuona kwenye picha tu.

Saa saba mchana nikawasimamisha maharusi kwenye mawe, ziwa linang'aa nyuma yao, flashi juu ya kamera. Baba mdogo wa bibi harusi akauliza, "Jua lote hili, flashi ya nini?"

Hasira zikanipanda. "Shikamoo mzee! Jua liko utosini, na mng'ao wa ziwa uko mgongoni kwao. Bila flashi nyuso zitatoka nyeusi kama masufuria ya kuni! Wewe picha umesomea wapi?"

"Marahaba. Mbona haiwaki?"

"Juani huwezi kuiona! Usimharibie Masalu harusi!"

Nikamaliza filamu yote, na ndiyo hiyo moja tuliyokuwa nayo, huku namfokea mzee wa watu.

Akaichukua flashi taratibu, akafungua kifuniko cha betri. Tupu.

Redio yangu kwenye jiwe ilikuwa bado inapiga muziki, kama ilivyokuwa tangu asubuhi nilipoiwasha bibi harusi akiingia.

Masalu akaitazama, akanitazama. "Ndugu yangu, hiyo redio uliitia betri za wapi?"