Mchumba Wangu Alikula Kamba wa Mama, Kisha Akaja Kumkamata

Msomaji huyu ametuomba tusitaje jina lake wala la kijiji chao. Tumeyaacha maneno yake kama alivyoyaandika.

Sauti inayonisumbua ni ndogo sana. Ni ya mtu anayefyonza kichwa cha kamba. Mliokulia pwani mnaijua: fyoo, kisha ganda linaangushwa kwenye sahani. Kila nikikaa kimya naisikia.

Nina miaka ishirini na minne. Nafundisha shule ya msingi karibu na Garsen, lakini kwetu ni kijiji kando ya mdomo wa Tana, upande wa Kipini. Baba alifariki nikiwa sekondari. Mama alinisomesha kwa shamba la mpunga na kwa kamba anaowavua na jirani yetu, Bi Zaharia, mmoja ameshika ncha hii ya chandarua na mwingine ncha ile, maji kifuani. Mafuriko ya El Nino yalipoondoka na mpunga wote, tukabaki na kamba tu.

Mchumba wangu ni afisa wa uvuvi, mzaliwa wa Lamu. Nilimjua alipoitisha baraza kijijini kwetu. Alisema nyavu za matundu madogo zimekatazwa kwa sababu zinazoa kamba wachanga, na kwamba meli zinazokokota nyavu kubwa huko nje nazo zina mpaka wao, haziruhusiwi kusogea pwani chini ya maili tano. Nilisoma biolojia, nilijua anasema kweli kuhusu kamba wachanga. Nikasimama kumsaidia kuwaeleza akina mama.

"Na hizo maili nani atazipima?" Bi Zaharia aliniuliza. "Wewe mwalimu, na rula yako?"

Watu walicheka. Afisa mwenyewe alicheka kuliko wote, na hapo ndipo nilipompenda.

Posa ilipokubaliwa, mama alimwalika chakula cha mchana. Kwetu mama hakai na mkwe. Alipika kamba wa nazi, akanituma niwapeleke, naye akakaa nyuma ya pazia, anaongea tu.

"Kula, baba. Usione haya."

"Nile nini tena, mama, nimemaliza sahani nzima! Hawa si kamba wa sokoni. Mwawapata wapi?"

"Papa hapa. Kwenye mikoko, nyuma ya kile kisima cha zamani. Maji yakianza kujaa twaingia, mimi na Zaharia."

"Kwa chandarua?"

"Ah, baba, kwa kitu gani kingine? Zile nyavu zenu za serikali kamba wapita wakicheka."

Walicheka wote wawili, yeye huku na mama kule. Mimi nilikuwa nimesimama na jagi la maji, najisikia mwenye bahati. Nilidhani anauliza kwa sababu anataka kumzoea mama yangu.

Siku chache baadaye, maji yalipoanza kujaa, alitokea na askari nyuma ya kile kisima. Chandarua kilichomwa papo hapo. Mama na Bi Zaharia walipakiwa kwenye Landrova na leso zao zilizolowa, wakaletwa kituoni Garsen. Nilipata habari nikiwa darasani.

Niliwakuta wamekaa kwenye saruji. Bi Zaharia hakuniamkia. "Mkwe wenu alianza na vichwa vya kamba," alisema, "sasa katufyonza na sisi."

Mama alinivuta karibu. "Usimlaumu, mwanangu. Hakunijua. Hajapata kuuona uso wangu hata siku moja."

Nilitoka nikamfuata mchumba wangu nje, alikuwa akifunga pikipiki yake.

"Ulijua ni mama?"

"Nilimjua alipozungumza."

"Na bado ukamleta?"

"Wakubwa wangu wanataka kuona kazi. Na chandarua ni kosa, wewe mwenyewe uliwaambia."

"Na meli? Usiku taa zake twaziona kutoka mlangoni kwetu. Hizo ni maili tano?"

"Meli niifuate na nini? Na pikipiki hii?" Alisema kama mtu anayetarajia nicheke naye tena.

Kesho yake waliachiliwa kwa onyo. Tangu hapo Bi Zaharia hapiti kwetu, na hakuna mwanamke mwingine anayekubali kuingia majini na mama, kwa sababu ndiye aliyetaja mahali. Nami sisemi sheria ni mbaya. Chandarua kinaua kamba wachanga, hilo nalijua na nitaendelea kulifundisha. Kinachonichoma ni kwamba mama alidhani anazungumza na mwanawe, kumbe alikuwa akihojiwa na serikali, na mimi nilisimama pale nikitabasamu.

Kibaya zaidi, mama bado anaingoja harusi. Ameshikilia kwamba hakutambuliwa, na kila jirani anayemcheka humjibu hivyo hivyo. Leo asubuhi aliniuliza kama mkwe wake anapenda pilau au biriani. Nikimwambia ukweli, namnyang'anya hata hilo alilobaki nalo. Nikinyamaza, ataendelea kumtetea mtu aliyeijua sauti yake vizuri. Nishaurini, ndugu zangu, hasa nyinyi mlio na mama kama huyu: nimwambie kwamba alijulikana, au nimwachie pazia lake?

Kuhusu huyo mwanamume msihangaike kunishauri. Jana niliomba ruhusa shuleni, nikaenda ofisini kwake watu wakiwa kwenye foleni ya leseni, nikaweka pete juu ya meza.

"Kwa sababu ya chandarua?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Mahali wanapovua ungeniuliza mimi," nilimwambia, "hapa, ukiwa umevaa magwanda yako. Ningejua najibu nani."

Nikatoka. Sikungoja aseme kitu.