Kilichokaa Shingoni mwa Mtwale

Domisiana wa Kibimba hakuwa mtu wa kutetemeka mbele ya wakubwa. Alikuwa mjane, mpishi wa rubisi, ile pombe ya ndizi, na mwaka 1934 alipata kazi ya kufagia na kuosha vioo vya darubini katika zahanati ya malale, ugonjwa wa usingizi, karibu na Nyakahura. Serikali ya Waingereza ilikuwa ikiwatoa watu porini kwenye mbung'o na kuwabananisha katika kijiji kimoja. Mganga wa zahanati, Philbert, alijiona daktari kwa sababu ya koti jeupe. Macho yake yalikuwa mabovu na hakutaka ijulikane, basi darubini alimwachia mfagiaji.

Siku moja akaletwa mtwale Leonidas, mkuu wa eneo lile, shingo imemvimba. Philbert akamchoma sindano, akavuta majimaji, akayaweka kwenye kioo. Domisiana akachungulia. Vijidudu vya malale alivijua, vinajinyonganyonga kama viluwiluwi. Hiki kilikuwa kimoja, cheupe, kirefu. Alipokikazia macho kikatulia, kisha kikageuka kumtazama.

"Umetuona?" akauliza Leonidas. Midomo ilikuwa yake, lakini sauti ilikwaruza kama majani makavu ya mgomba.

Philbert alisema anakwenda kutafuta pamba. Hakurudi.

"Nimewaona," Domisiana akajibu. "Ni nini ninyi?"

"Tulianguka kutoka nyota iliyokwisha kuzimika, watu wakiwa bado hawajui moto. Kila mtawala tumemvaa kama shati. Vita tuliviagiza sisi. Mjerumani tulimleta, tukamchoka, tukamleta Mwingereza. Sasa tumeamuru mkusanywe, maana kuwafuata mbalimbali kunatuchosha. Wakubwa wananyonya mrija mmoja kwenye chungu chako, nasi tunapita humo. Zamu yenu wadogo inakuja."

 Domisiana akacheka.

"Miaka yote hiyo, na hata kibanda hamjajenga. Kupe ana haya kuliko ninyi. Yeye hunyonya tu, hajiiti mfalme wa ng'ombe."

Jumapili wakubwa walikusanyika kunywa, pamoja na Mzungu aliyesimamia uhamisho. Domisiana alikuwa ameshinda asubuhi akichemsha tumbaku, dawa ambayo mama yake aliitumia kung'oa ruba. Akaimimina yote chunguni. Mrija ulizunguka mara mbili tu. Wakaanguka wanatapika, na nyuzi nyeupe zikatoka puani na vinywani, zikihangaika kurudi zilikotoka. Jua likazikausha. Domisiana akazifagia na maganda ya ndizi, akazichoma. Zilinuka kama pembe inayoungua.

Akasubiri nchi ipone. Wiki ya pili Leonidas, shingo yake nyembamba kama zamani, akatangaza kazi ya barabara bila ujira, na kila mjane atoe mbuzi. Domisiana akamfuata barazani.

"Shikamoo, mtwale."

"Marahaba."

"Nani anasema humo ndani?"

"Mimi, Leonidas. Ulidhani nani?"

Alimtazama machoni kwa muda mrefu. Hakumwona mwingine yeyote, na hapo ndipo alipoogopa kweli. Mzungu naye, akiwa na akili zake timamu, alitia sahihi uhamisho uendelee, akaongeza vijiji viwili.

Domisiana akaacha ufagio, akahamia Nyakisasa kwa dada yake Melania.

"Wale wadudu walijisifu bure," alimwambia. "Kazi ya kunyonya watu waliikuta imekwisha kufanywa."

Huko alipika rubisi ya harusi na ya wakulima mpaka uzeeni. Mkubwa akituma mtu kununua, alijibiwa kwamba chungu kimepasuka, hata kama kilikuwa kimejaa mbele ya macho ya yule mtu.