Tela la Boti ya Baba

Jina la Bado alipewa na wateja wake. Mtu akipitisha kichwa kwenye mlango wa mabati na kuuliza kama tela lake limekwisha, jibu lilikuwa hilo hilo, "bado", na lilitoka bila haraka wala aibu. Duka langu la rangi na misumari limepakana na karakana yake, na kwa miaka mingi nimelisikia neno hilo likipenya ukutani pamoja na mlio wa kukata chuma. Mwishowe hata mkewe alimwita hivyo.

Kazi yake ni kutengeneza matela, hasa ya kubebea boti. Wateja wengi humjia na urefu. "Boti yangu ni futi ishirini," husema, kama mtu anayenunua kitambaa. Bado huwaacha wamalize, kisha huuliza ina uzito gani. Anayetaja namba huulizwa nani alipima, na anayejibu kwamba aliambiwa na aliyemuuzia hurudishwa akapime. "Anayekuuzia ng'ombe hakwambii anakula kiasi gani," humwambia. Hata namba ikiwa ya kweli haimtoshi. Huongeza injini, mafuta, nanga, kamba, na vile vikorokoro ambavyo mwenye boti huvisahau kwa kuwa vinakaa humo daima. Uzito wa tela lenyewe nao huuhesabu, maana ekseli na magurudumu hayajui kipi ni mzigo na kipi ni chombo.

Mtu mmoja tu hakuulizwa maswali hayo: dada yake.

Dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyerithi boti ya baba, boti ya mbao anayovushia watu na mizigo. Baba aliiunda kwa mikono yake. Kabla ya kuishusha majini aliipima, akachonga uzito wake kwenye ubao wa tezi, kule nyuma ya boti, upande wa ndani: kilo mia nane. Bado alijifunza kuandika nane kwa kuipitishia kidole hapo. Hakuna aliyewahi kufikiri kuipima boti tena.

Mwaka huu daraja lilifunguliwa pale dada alipokuwa akivushia watu, na abiria wakamkimbia. Akapata nafasi ya kuvusha kwenye ziwa lililo ng'ambo ya kilima, kwa sharti kwamba boti iwe imefika gatini kabla mwezi haujaisha; ikichelewa, nafasi anapewa mwingine. Bado akaichukua ile mia nane, akaongeza injini na vikorokoro, akatengeneza tela la ekseli moja linalobeba tani moja na ushei kidogo. Alilimaliza mapema, jambo ambalo mtaani lilizungumzwa.

Siku ya kupakia, boti ilivutwa kwa waya hadi juu ya tela, ikafungwa mikanda. Bado alichuchumaa kando ya gurudumu, akajaribu kuingiza ngumi kati ya springi na fremu. Ndivyo anavyopima kila tela likishapakiwa: ngumi ipite. Safari hii vilipita vidole tu.

"Shusheni," alisema.

Dereva wa pikapu, aliyekwisha kuwasha gari, alizima. "Tushushe nini, fundi? Ndiyo kwanza tumepandisha."

"Boti."

Dada alikuwa amekaa mbele, mkoba mapajani. Aliteremsha kioo. "We mtoto, una nini?"

"Ni nzito, dada."

"Nzito kuliko nini?"

"Kuliko tela."

"Tela katengeneza nani?"

"Mimi."

"Basi kosa ni la tela." Watu waliokuwa wakisaidia kusukuma walicheka. Dada mwenyewe hakucheka. "Humo imeandikwa mia nane. Unataka kusema baba alikuwa mwongo?"

"Baba alipima mbao kavu. Hii imekaa majini miaka yote hiyo. Imekunywa."

"Imekunywa. Leo boti ya baba ni mlevi."

Dereva alishuka, akaitazama springi iliyopaswa kupinda, sasa imenyooka kama rula. "Mama, pale kwenye mteremko mimi ndiye nitakuwa mbele, na hiki kitu kitakuwa mgongoni kwangu. Acha fundi aseme."

Mwishowe walikubaliana kwenda kwenye mizani ya magari, kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Hapakuwa mbali, na barabara ilikuwa tambarare. Pikapu ilikwenda mwendo wa maiti. Dada alikataa kushuka, na Bado alitembea kando ya gurudumu njia nzima, shingo ameipinda kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Tela lilifunguliwa kutoka kwenye gari, likasukumwa juu ya mizani na boti yake. Mpimaji, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliisoma namba mara mbili. Bado akatoa humo uzito wa tela. Boti ya baba ilikuwa kilo elfu moja mia tatu na zaidi.

"Mizani yako mbovu," dada alimwambia mpimaji.

"Asubuhi imepima lori la vyuma, na mwenye lori kasema hivyo hivyo. Haina rafiki hii."

Dada aliizunguka boti polepole. Alipofika upande wa pili alisimama, mkono juu ya ubao.

"Yale mataruma mapya, mbavu zote hizi, niliyaweka mimi," alisema. "Na sakafu. Na injini, ile ya baba ilikuwa ndogo." Aliyataja kama wageni walioingia nyumbani kwake mmoja mmoja bila kubisha hodi.

"Hukuniambia," Bado alisema.

"Uliniuliza?"

Bado alisema boti ingeweza kuanikwa juani wiki mbili tatu, itoe maji, ipungue.

"Ianikwe? Ikikauka mbao zinasinyaa, kalafati ya kuziba nyufa inatoka, maji yanaingia. Nifike huko niishushe izame gatini mbele ya watu wanaoitaka nafasi yangu? Wewe unajua chuma. Mbao niachie."

"Basi nitaweka ekseli ya pili. Na fremu niiongeze unene."

"Mwezi ukiisha ukaniambia bado, usiniite dada."

Boti iliwekwa juu ya magogo kwenye ua wa karakana, ikafunikwa magunia. Kila asubuhi dada alikuja na ndoo, akayalowesha magunia hadi maji yakatiririka kwenye sakafu ya Bado, naye akawa anahamisha nyaya za kuchomelea kutoka kona moja hadi nyingine. Hakulalamika. Alikuwa anatengeneza tela la boti iliyolowa, na dada alihakikisha imelowa. Ekseli ya pili aliitoa kwenye gari bovu, akaifungia breki zake yenyewe kwa ajili ya mteremko. Dada hakumuuliza kitu. Aliketi juu ya ndoo akiwa ameigeuza, na mteja yeyote alipopitisha kichwa mlangoni yeye ndiye aliyemjibu, kabla Bado hajainua kinyago cha kuchomelea.

"Bado."

Siku chache kabla ya mwezi kwisha, boti ilipandishwa tena. Bado alichuchumaa, ngumi ikapita. Akaizungusha humo, akaitoa. Dada naye alisogea akaingiza yake.

"Yako ndogo," Bado alisema. "Haihesabiki."

"Imekulea."

Bado aligonga kwenye kibati cha tela uzito linaoweza kubeba, kisha akatazama kuelekea kwenye tezi, nyundo ingali mkononi.

"Ile namba ya baba usiiguse," dada alisema.

"Siigusi."

Pikapu iliondoka na dada mbele, na jioni simu ya Bado iliita. Nilikuwa nimeegemea mlango wa karakana, na dada huongea kwa sauti, kwa hiyo nilisikia yote.

"Tumefika. Ipo majini, nafasi nimepewa."

"Imevuja?"

"Tone."

"Na tela? Kwenye mteremko lilikuwaje?"

"Sijui. Nililala."

Bado aliirudisha simu mfukoni. Dada yake hakuwahi kulala ndani ya gari maisha yake yote, hadi siku hiyo, tela la mdogo wake likiwa nyuma.