Mama Niliyempiga Hewa

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, siku ya mnada wa Nkololo, ndipo yalipoanza. Huwa naandika saa ya kila picha ninayoipiga kwa ajili yangu mwenyewe, na daftari ninalo. Kwa hiyo usiniambie niliota.

Ulikuwa msimu wa kwanza wa wanunuzi binafsi wa pamba. Bariadi nzima ilitaka picha za rangi. Filamu ya nyeusi na nyeupe ilikuwa imeadimika. Mimi niliitaka hiyo hiyo. Kazi nilijifundisha vitabuni, peke yangu. Harusi na pasipoti nilipiga ili nile, lakini picha zangu hasa zilikuwa za pamba: magunia, mizani, migongo ya wabebaji. Watu walizicheka. "Fundi, huyu mbona hana uso?" Siku hiyo zilibaki nafasi nane kwenye filamu, na zote nane nilikwishazipangia.

Akaja mama mmoja mwenye kitenge cha ndege, akasimama mbele ya mizani.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila. Nipige picha."

"Filamu imeisha."

"Mbona unapiga magunia?"

Nikakasirika. Nikafanya tulichokuwa tukifanya wapiga picha wa minadani tukitaka mtu aondoke: nikabonyeza kitufe cha kujaribia flashi. Mwanga unatoka, kamera haifunguki, filamu haitumiki. Tuliita kupiga hewa.

"Umenipiga?"

"Nimekupiga."

"Basi nimo," akasema, akacheka, akapotelea kwenye watu.

Nikapiga zangu nane. Kesho yake nikasafisha filamu. Niamini: yumo katika zote nane. Amesimama katikati na kitenge chake cha ndege, ameziba mizani, ameziba migongo, ananitazama mimi.

Nilirudi Nkololo na picha moja, nimejaa hasira, nikaulizia. Wakanipeleka kwa mwanawe, mtu wa makamo. Alikuwa anakamua ng'ombe. Akafuta mikono kwanza, ndipo akaipokea.

"Huyu ni mama. Tulimzika mwaka juzi." Akaisogeza picha kwenye mwanga. "Alipigwa picha mnadani na mtu wa Bariadi. Akaingoja mpaka anakufa, kila mnada anatuma mtu aiulizie. Ni wewe?"

Wewe ungemjibu nini? Nilikwishawapiga hewa watu wengi kiasi kwamba hata sikumkumbuka. Nikasema ndiyo.

"Umechelewa, fundi. Lakini umempatia. Tusafishie kumi."

Nikawasafishia kumi, bure, nikidhani yamekwisha. Hayakwisha. Picha za wateja wangu hutoka safi mpaka leo. Lakini nikiinua kamera kwa kitu nilichokipenda mimi, yumo, na kila mwaka amesogea. Sasa uso wake umejaa picha nzima. Magunia hayaonekani. Migongo haionekani. Miaka yote hii sina picha hata moja ninayoweza kuiita yangu. Nina hasira naye, sitaficha. Nina hasira zaidi na kidole changu.

Nawe mwenye kamera, mtu akisimama mbele yako, mpige kweli au mkatalie kweli.

Hesabu nimeipiga. Nafasi moja ya filamu, alipokuwa hai, ilinigharimu shilingi arobaini. Ile ya pili, alipokwisha kufa, shilingi hamsini. Kwa kumpiga hewa mara mbili nimeokoa shilingi tisini.