Mama, achari na kadi yangu ya chakula

Leo mama kaja chuoni kuniachisha kadi ya chakula. Kesi nimeshinda, lakini si kwa ujanja wangu.

Mnajua mwaka huu nimechagua mpango mkubwa: mchana na jioni, kila siku, kantini ya chuo. Mama, anayeishi Ilford huku huku ughaibuni, hajanisamehe mpaka leo. "Unalishwa na kantini, kwani mimi nimekufa?"

Nikamwambia njoo uonje basi. Kadi inaruhusu mgeni mmoja.

Nikamchukulia wali na kuku. Akaonja.

 

Akafungua mkoba, akatoa chupa ya achari ya embe.

Hapo akapita kijana na sinia lake. Mama, kama kawaida yetu, akamwambia kwa Kiingereza: karibu tule.

Sasa kwetu Unguja unajibu "starehe", unapita zako.

Huyu akaketi!

Mimi natamani kuingia chini ya meza. Mama wala. Akamwita na dada wa meza ya pili, na mwenzake. Achari ikazunguka, watu wanatokwa jasho huku wanacheka.

Tulipotoka nikamuuliza, "Haya, niiache kadi?"

"Baki nayo. Chakula chao hakina chumvi. Lakini yule kijana aliyeketi kwanza, Daniel, kaniambia kila siku anakula peke yake. Kesho kaa naye."

Miezi mitano nakula kantini ile. Jina lake nimelijua leo, kwa mama.

Kesho nakaa naye. Ila achari imekwisha. Nani yuko Ilford anipitie kwa mama?