Bwana Sasa wa Chumba cha Skrini

Simu kutoka kwa baba mdogo iliingia wakati cherehani ikiwa katikati ya mshono. Dada mtu akaondoa mguu kwenye pedali, akapokea.

"Mama yuko karibu?" aliuliza baba mdogo, bila hata salamu.

"Yuko chumbani."

"Toka nje kwanza."

Alitoka mpaka kwenye kamba ya nguo. Hapo ndipo alipoambiwa kwamba kaka yake, aliyelazwa kwa homa ya mapafu tangu mwanzo wa juma, amefariki. Baba mdogo alipiga akiwa wodini.

"Sasa nisikilize, mwanangu. Mama yako usimwambie. Presha yake unaijua. Mwambie hali ni ile ile ya asubuhi. Nakuja na shangazi zako, tutamwambia tukiwa wengi."

"Sawa, baba mdogo." Mdomo ulijibu kabla ya moyo.

Aliporudi ndani alimkuta mama yake amesimama mlangoni. "Ni nani huyo? Mwanangu anaendeleaje?"

"Hali ni ile ile, mama. Kama asubuhi."

"Mungu ni mwema. Isipozidi, tushukuru." Mama akarudi chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda na kuendelea kumwombea mwanawe apone. Aliomba kwa sauti, akitaja kifua, dawa, pumzi, na mikono ya wauguzi mmoja mmoja. Dada mtu alisimama ukumbini, sindano imechomekwa kwenye kola, akisikiliza mtu akiombewa pumzi ambayo hanayo tena.

Hapo kazi ya kaka yake ikamjia akilini.

Kaka mtu alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya maji, katika chumba chenye skrini kubwa ukutani. Vipimo vilivyofungwa kwenye matangi na pampu za mji mzima vilituma habari kila wakati, na yeye ndiye aliyepanga zionekane vipi: namba gani ikae juu, ipi iwe kubwa, rangi ipi imshtue mtu wa zamu. Alipoanza, skrini ile ilikuwa viraka vya kila rangi, na namba zilibadilika mbio mbio hata jicho lisishike kitu. Akazipunguza mwendo. Akaondoa mapambo yote, akabakiza kiasi cha maji tangini, nguvu ya pampu, na mahali penye tatizo.

"Umetunyima sinema!" wenzake walimtania.

"Mkitaka sinema lipeni kiingilio," aliwajibu. "Hapa tunaangalia maji."

Walimbatiza Bwana Sasa, kwa sababu ukimtajia namba yoyote, hata bei ya nyanya, lazima aulize, "Hiyo ni ya sasa?" Swali hilo lilikuwa na chanzo chake. Siku moja waya wa kipimo ulikatika, skrini ikabaki na namba ya mwisho iliyopokea. Tangi likaonekana limejaa, kumbe linakauka. Mtaa mzima uliamkia mabomba makavu, na watu wa zamu wakaapa kwamba maji yapo, si haya wanayaona? Tangu hapo akapanga kwamba kipimo kikinyamaza, namba yake igeuke kijivu, na chini yake paandikwe habari ilifika lini mara ya mwisho.

Mkuu wake hakupenda. "Wageni wakija wataona kijivu, watadhani mitambo imekufa."

"Si imekufa, mkuu? Ila sisi ndio hatujaambiwa."

"Mdomo wako huo utakuponza. Haya, iache kijivu yako. Lakini wageni wakiuliza, utajibu wewe."

Nyumbani alimsimulia dada yake huku anakula, mkono mmoja ukichora hewani. "Namba mbovu utaishtukia, mdogo wangu. Iogope namba ya jana iliyovaa nguo za leo."

Dada mtu akaingia chumbani, akapiga magoti karibu na mama yake na kumshika mkono.

"Mama, nisikilize kidogo. Niliyokwambia ni habari ya asubuhi. Kaka ametutoka."

Mama hakupiga kelele. Alishika ukingo wa kitanda. "Saa hizi?"

"Kabla baba mdogo hajapiga simu."

"Na mimi nilikuwa namwombea apone."

"Mungu amesikia, mama. Yeye alikuwa anajua."

"Yeye alijua. Na wewe ulijua. Ambaye hakujua ni mimi peke yangu, niliyemzaa." Ndipo kilio kikaja. Dada mtu alimlaza kifuani mwake, akamnywesha maji na dawa yake ya presha, wakalia pamoja mpaka gari lilipopiga honi nje.

Dada mtu alitoka kuwapokea; baba mdogo alimtazama usoni, akaelewa. "Nilikwambia nini mimi? Je, angeanguka?"

Mama akatokea, anafunga kitambaa kichwani. "Ningeanguka kwa habari ya kweli, shemeji. Mwache mtoto. Umeniletea gari au umeniletea ugomvi?"

Shangazi mmoja alicheka katikati ya machozi.

"Gari lipo, shemeji," baba mdogo alisema, ameshusha sauti.

"Basi nipelekeni kwa mwanangu, asije akavalishwa na watu wasiomjua."

Wakampeleka hospitali. Mama alimvalisha mwanawe mwenyewe, shati na suruali, akamfunga vifungo na kumchana nywele. Dada mtu alishika beseni la maji. Baba mdogo alisimama mlangoni, na mama alipomwita amsaidie kumwinua mabega, aliingia.

Walimzika kesho yake mchana. Wafanyakazi wenzake walikuja na gari la kampuni, wamevaa sare. Mkuu wake alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, akikosea hatua kwa sababu alikuwa analia. Mchungaji alisoma Neno, watu wakaimba. Mama akaomba nafasi, akaweka mkono juu ya jeneza, akamwombea mwanawe pumziko kwa Mungu. Jeneza likashushwa. Mama akatupa udongo, kisha dada mtu, kisha baba mdogo, na wanaume wakashika makoleo. Kaburi lilipojaa waliweka maua, wakasali sala ya mwisho, wakaanza kurudi kwenye magari, baba mdogo amemshika mama mkono.